Hakuna dampo, hakuna makato

Ukitaja neno dampo hapa Nairobi, kila mtu anafikiria Dandora. Moshi, harufu, makorongo yamesimama juu ya taka kama maaskari. Lakini muulize mtu anayechapa kazi pale. Atakwambia dampo ni mahali ambapo vitu vyenye wengine waliona havina maana vinapangwa, vinapimwa kwa kilo, na jioni vinageuka doo ya unga.

Leo nataka tuongee kuhusu dampo ya aina nyingine, ile ambayo kompyuta inaacha ikifa. Na msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio usome ukijua unasoma nini: kama una mashine ambayo watu wanaitegemea, na hujaiwekea dampo, basi siku itaanguka huna haki ya kumlaumu mtu. Huna haki ya kumkata mtu mshahara. Hakuna dampo, hakuna makato.

Najua kuna wasee washaanza kupitisha kidole waende video ingine. Ngoja kidogo. Hii maneno inahusu pesa yako, kazi yako, na pengine jina lako.

Sistimu iko chini

Kila Mkenya anaijua hiyo sentensi. Umepanga foleni tangu asubuhi, hujanywa hata chai, umefika kaunta, unaambiwa sistimu iko chini, rudi kesho. Ukiuliza iko chini kwa nini, unaangaliwa kama umetukana mama ya mtu. Halafu jamaa mmoja anatokea huko nyuma, anafinya kitufe cha stima sekunde kadhaa, mashine inazima, inawaka, foleni inasonga. Kila mtu anashukuru Mungu. Hakuna anayeuliza ilikufa kwa sababu gani.

Zima, washa. Hiyo ndio panadol yetu ya kila ugonjwa. Na shida yake ni kwamba inafanya kazi. Ingekuwa haifanyi, tungelazimika kutafuta sababu. Kwa vile inafanya, tunaridhika, na kesho saa tano mashine inakufa tena pale pale.

Ukweli ni kwamba kile kitufe kinafuta ushahidi. Kila kitu ambacho kompyuta ilikuwa inafikiria kabla ya kufa kilikuwa kwa RAM: nani alikuwa anaongea na nani, ni kodi gani ilikuwa inaendeshwa, ilikuwa imeshika anwani gani ya kumbukumbu. RAM inashika vitu ikiwa na stima. Ukikata stima, inasahau yote. Ni kama kuosha sakafu kabla polisi wafike.

Mtu ataniambia, si kuna logi kwa diski? Ziko, lakini fikiria vizuri. Anayeandika kwa diski ni nani? Ni kerneli, yaani ile programu kuu ambayo inasimamia kila kitu: RAM, diski, mtandao, skrini, na kila programu ingine. Sasa kama kerneli yenyewe ndio imekufa, nani ataandika? Ndio maana mara nyingi ukifungua logi baada ya ajali unapata mstari wa mwisho ni kitu ya kawaida kabisa, halafu kimya, halafu mashine inawaka tena kama hakuna kitu ilitokea.

Hapa kwetu ukiibiwa simu, kitu ya kwanza unaulizwa ni OB namba. Bila OB hakuna kesi, ni stori tu. Dampo ya kerneli ni OB ya kompyuta. Ni picha ya kumbukumbu ya mashine dakika ile ile iliyokufa, imeandikwa kwa faili, na unaweza kuifungua wiki ijayo ukiwa umetulia.

Soja aliyelala kwa chumba chake

Sasa hapo ndio kuna ujanja ambao mimi nilipoelewa nilikaa chini. Kama kerneli imekufa, inaandikaje OB yake yenyewe?

Kwa Linux jibu linaitwa kdump, na limekuwa ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Fikiria ploti ya vyumba thelathini. Mwenye ploti anaamua chumba kimoja hakitapangishwa milele. Ndani anaweka soja, anampatia daftari na kalamu, anamwambia lala. Hautoki, haupokei wageni, hauchangii maji na mtu. Siku moto ukishika ploti, wapangaji wote wakiwa wamepoteza akili, huyu soja ndio anaamka. Kichwa yake iko sawa kwa sababu hakuwa kwa ile fujo. Anapita kila chumba akiandika alichokiona, anaweka daftari mahali salama, halafu anafungua geti upya.

Kile chumba ni sehemu ya RAM ambayo mashine inatenga ikiwaka, kwa kuambiwa neno crashkernel. Soja ni kerneli ya pili, ndogo, ambayo imepakiwa pale mapema ikalala. Kerneli kuu ikipata paniki, inaruka moja kwa moja hadi kwa ile ya pili bila kupitia kuzima na kuwasha kwa kawaida, kwa hivyo RAM bado ina kila kitu. Ile ya pili inaiona RAM ya marehemu kama faili moja, /proc/vmcore. Programu inayoitwa makedumpfile inaichuja, inaikandamiza, inaiweka kwa /var/crash, na mashine inawaka upya.

FreeBSD inafanya tofauti. Hii ni ile familia ambayo Netflix wanatumia kwa seva zao za kusambaza video, na ambayo mfumo wa PS4 ulijengwa juu yake. Kerneli inayokufa inaandika dampo yake haraka haraka kwa sehemu ya swapu. Mashine ikiwaka tena, programu inaitwa savecore inaitoa pale na kuiweka kwa /var/crash kabla swapu ianze kutumika. Ni njia nyepesi, haitengi RAM, lakini swapu yako lazima iwe na nafasi ya kubeba dampo. Ukiwa na swapu ya kijiko, utapata dampo ya kijiko, ama ukose kabisa.

Hata simu yako ya Android, ambayo kerneli yake ni Linux, ina kitu kidogo cha aina hiyo. Kuna kipande cha kumbukumbu kinachotengwa, na maneno ya mwisho ya kerneli yanaachwa pale ndio yasomwe simu ikiwaka. Waliotengeneza simu wanajua umuhimu wake. Sisi kwa mashine zetu za kazi ndio tunalala.

Vile mtu anakatwa pesa ya kerneli

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa. Kabla hii kazi ya video ishike, nilikuwa nasaidia kwa saiba moja ya mtaa. Kulikuwa na mashine moja ya ex-UK, RAM 8GB, inaendesha Ubuntu, na ndio ilikuwa mama ya zingine zote: inagawa intaneti, inahesabu dakika za wateja, inapokea kazi za printa. Na ilikuwa inakufa. Kuna siku inakufa mara mbili, kuna wakati inapita siku nne bila shida, halafu saa ya watu wengi ndio inaganda.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafomati. Wa pili akauza RAM. Wa tatu akabadilisha pawasaplai. Kila mmoja alilipwa, na kila mmoja aliondoka mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu mashine yoyote ukiizima na kuiwasha inafanya kazi.

Mwenye saiba naye alikuwa ameshachagua mkosaji. Dada wa kaunta. Ati anashusha filamu usiku ndio mashine inachoka. Kila siku ikianguka, zile pesa za wateja walioondoka bila kulipa zinatoka kwa malipo yake. Mia tatu leo, mia tano kesho kutwa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, hiyo ni nauli na mboga.

Aliniambia, "Mimi hata hiyo mashine siigusi. Lakini nitamwonyesha nini?"

Hilo swali ndio kiini cha hii makala yote. Nitamwonyesha nini? Kwa sababu bila ushahidi, lawama haikai hewani. Inateremka kama maji, inatafuta mtu wa chini kabisa. Haikuangukia fundi, kwa vile fundi ana maneno mengi na mfuko wa spana. Haikuangukia mdosi, kwa vile ndiye analipa. Iliangukia dada ambaye hana cheti wala lugha ya kompyuta ya kujitetea.

Nilimwambia mwenye saiba, "Mzee, nipe wiki moja, usikate mtu." Akasema sawa, bora mashine isikae imezimwa mchana. Nikaweka kdump usiku, nikaijaribu, nikaenda kulala. Siku ya tatu ikaanguka. Ndani ya /var/crash kulikuwa na folda yenye tarehe na saa, na ndani yake faili mbili: dampo yenyewe, na faili ya dmesg yenye maneno ya mwisho ya kerneli. Pale kwa maneno ya mwisho kulikuwa na jina la draiva ya kidude cha WiFi cha USB, draiva ambayo haikuja na kerneli bali mtu aliitoa mtandaoni akaipachika. Ikaanguka mara ya pili, draiva ni ile ile, fankisheni ni ile ile. Mara ya tatu, vile vile.

Tukachomoa kidude, tukavuta waya hadi kwa ruta. Mashine ikaacha kufa. Wala si pawasaplai, wala si RAM, wala si filamu.

Makato ya ile wiki hayakuwepo. Lakini yale ya miezi ya nyuma? Hakurudishiwa hata shilingi. Mdosi alisema, na kwa ubishi wa kisheria alikuwa na pointi, kwamba huwezi kuthibitisha zile za zamani zilikuwa sababu hiyo hiyo. Ushahidi wa zile za zamani ulikuwa umefomatiwa na fundi wa kwanza. Manze, hiyo ndio iliniuma.

Kuiweka ni kazi ya chai moja

Kwa Ubuntu, unaandika hii:

sudo apt install linux-crashdump

Itakuuliza maswali mawili, unakubali, halafu unawasha mashine upya. Kuwasha upya ni lazima kwa sababu kile chumba cha soja kinatengwa mashine ikiwaka, huwezi kuhamisha wapangaji katikati ya mwezi. Kwa Debian paketi inaitwa kdump-tools. Kwa Fedora na ndugu zake wa Red Hat huduma inaitwa kdump, na mipangilio yake iko kwa /etc/kdump.conf. Kuanzia Ubuntu 24.10 wameanza kuiwasha wenyewe kwa mashine zilizo na uwezo wa kutosha, lakini usiamini, hakikisha.

Kuhakikisha ni mstari mmoja:

cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded

Ikijibu 1, soja yuko ndani amelala. Ikijibu 0, chumba ni tupu, hata kama ulilipa fundi akakwambia ameweka.

Kwa FreeBSD ni rahisi zaidi:

sysrc dumpdev=AUTO

Ukiwasha tena, mfumo unachagua swapu inayofaa wenyewe.

Kuna kitu kimoja watu hukosa. Kwa Linux si kila kosa la kerneli ni kifo. Kuna lile linaitwa oops, ambapo kerneli inajikwaa, inaandika malalamiko, halafu inaendelea ikiwa kilema. Mashine inaanza kufanya maajabu, lakini hakuna paniki, kwa hivyo hakuna dampo. Ukiweka kernel.panic_on_oops iwe 1, kujikwaa kunahesabiwa kama kifo na soja anaamka. Kdump-tools ya Debian na Ubuntu inaweka hiyo yenyewe. Kwingine angalia. Pia kuna mipangilio ya kugeuza kuganda kuwa paniki, mfano kernel.softlockup_panic na kernel.hung_task_panic. Hizo weka ukijua unachofanya, kwa sababu mashine yenye diski mzee inaweza kuuawa bure ikiwa ilikuwa inavuta pumzi tu.

Halafu jaribu. Hii ndio hatua ambayo mafundi wengi wanaruka, na ndio ninaisisitiza kuliko zote. Fanya usiku, wateja wakiwa wameenda, kazi zote zimehifadhiwa:

sync
echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger

Ile amri ya pili inaua kerneli papo hapo, kwa makusudi. Hakuna kuulizwa kama una uhakika. Skrini itaganda au itajaa maneno, halafu baada ya muda mashine itawaka yenyewe. Nenda /var/crash. Kama kuna folda mpya, OB iko. Kama hakuna, afadhali umejua leo usiku kuliko siku ya msiba.

Na kwa sababu kuandika dampo kunaweza kuchukua dakika kadhaa, bandika karatasi kwa mashine: IKIGANDA, NGOJA DAKIKA KUMI KABLA UGUSE. Bila hiyo karatasi kuna mtu atafinya kitufe soja akiwa katikati ya daftari.

Kusoma maneno ya marehemu

Si lazima uwe mtaalamu wa kerneli ndio dampo ikusaidie. Kuchimba dampo nzima unahitaji programu inayoitwa crash pamoja na kerneli yenye alama za ukaguzi, na hiyo ni safari. Lakini ile faili ya dmesg ni maandishi ya kawaida. Unatafuta vitu vichache.

Tafuta mstari unaoanza na BUG au Kernel panic. Huo unasema kifo kilikuwa cha aina gani. Tafuta mstari wa RIP, unaonyesha kerneli ilikuwa kwa fankisheni gani ilipoanguka, na ukiona jina kwa mabano ya mraba kando yake, hilo ni jina la moduli, mara nyingi draiva. Tafuta neno Tainted. Likifuatwa na herufi O, kuna moduli ya kutoka nje ambayo haikuja na kerneli. Halafu Call Trace, ambayo ni kama orodha ya nani alimtuma nani.

Sasa usikimbilie dampo ya kwanza. Kusanya mbili, tatu, uziweke kando kwa kando.

Zikianguka mahali pamoja kila mara, mshtaki mkuu ni programu: draiva au kosa la kerneli. Sasisha au toa hiyo moduli.

Zikianguka mahali tofauti tofauti bila mpangilio, leo kwa diski, kesho kwa mtandao, keshokutwa kwa kitu hujawahi kusikia, anza kushuku vyuma. Pima RAM na Memtest86+ usiku mzima. Ukiona maneno Machine check, prosesa yenyewe ndio imelalamika kuhusu vyuma.

Na kama mashine ilizima, kdump ulishaijaribu inafanya kazi, na hakuna dampo hata moja? Huo ukimya pia ni ushahidi. Pengine kerneli haikufa. Stima ndio ilikatika, au pawasaplai imechoka, au mashine ilipata joto ikajizima. Hapo ndio unanunua pawasaplai ukiwa na sababu. Lakini huwezi kusoma ukimya kama hukujaribu mwanzoni, kwa vile hutajua kama marehemu hakusema kitu ama soja hakuwepo.

Hii kitu ya kuacha ushahidi uongee si ya mitaani tu. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows kama milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka duniani. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwa karatasi. Uvumi wa wadukuzi ulianza hapo hapo. Lakini dampo za mashine zilizoanguka zilikuwa zinaonyesha kidole upande mmoja, draiva ya CrowdStrike inayoitwa csagent.sys. Baadaye kampuni ilieleza: sehemu moja ya programu ilitarajia thamani 21, ikapewa 20, ikaenda kusoma ya 21 mahali ambapo haikuwa. Windows si familia ya Unix, lakini somo ni moja. Dampo zilinyamazisha uvumi.

Najua mtasema nini

Mtasema inakula RAM. Ndiyo, inakula. Red Hat Enterprise Linux 9 kwa kawaida inatenga 192MB kwa mashine ya RAM kati ya 1GB na 4GB, na 256MB kuanzia 4GB hadi 64GB. Kwa ile ya 8GB hiyo ni sehemu moja kati ya 32. Ubuntu inaweza kutenga zaidi. Kama laptopu yako ni ya 2GB na inapumulia mirija, na ni ya kuangalia sinema tu, achana nayo, sina ugomvi na wewe. Mimi naongea na mwenye mashine ambayo watu wengine wanapanga foleni mbele yake. Tabo moja ya braoza yenye video inaweza kula zaidi ya hiyo, na hakuna mtu analia.

Mtasema hii ni ya mainjinia. Mimi sina digrii. Nilisoma kurasa za man na nyaraka za bure, kwa data ya bando. Aliye na digrii akikataa kuiweka, na asiye na digrii akaiweka, siku ya ajali digrii haitasoma ile RAM.

Halafu kuna pingamizi ya maana, na hii siichukulii kwa mchezo: siri. Dampo ni picha ya kumbukumbu, na kumbukumbu ina kila kitu, nenosiri, funguo, labda namba ya kitambulisho ya mteja aliyekuwa anajaza fomu. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwa barua pepe za maafisa wa serikali ya Marekani wakitumia ufunguo wa kusaini wa Microsoft. Septemba mwaka huo Microsoft ikaeleza kwamba ufunguo ulikuwa umetoroka ndani ya dampo ya mashine iliyoanguka Aprili 2021. Machi 2024 ikasahihisha maelezo, ikasema haijapata dampo yoyote yenye ule ufunguo. Mimi nachukua masomo mawili hapo. Moja, dampo inaweza kuwa hatari kiasi kwamba kampuni kubwa ilikuwa tayari kuamini ndio mlango ulioachwa wazi. Mbili, hata wakubwa wakikosa ushahidi wanabaki na nadharia.

Kwa hivyo linda dampo kama unavyolinda droo ya pesa. Makedumpfile ikipewa -d 31 inaacha nje kurasa tupu, kashe, na data ya programu za watumiaji. Hiyo inapunguza faili na inapunguza hatari, lakini haimalizi, kwa sababu ndani ya kerneli kwenyewe kunaweza kubaki funguo za diski. FreeBSD kuanzia toleo la 12 inaweza kusimba dampo kwa ufunguo wa umma. Kama diski yako imesimbwa, kdump inaweza kutuma dampo kwa mashine ingine kupitia SSH. Usiitume dampo nzima kwa kikundi cha WhatsApp ukiomba msaada. Tuma ile dmesg, tena ukiwa umeisoma kwanza. Ukimaliza uchunguzi, futa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data ya mteja haiachi kuwa ya mteja kwa sababu iko ndani ya faili yenye jina la ajabu.

Ninachotaka

Nataka ikuwe desturi. Mwenye saiba, mwenye duka la jumla, shule yenye maabara ya kompyuta, chama chenye seva kwa kabati: fundi akimaliza kazi, muulize swali moja kabla umlipe. Nionyeshe ile 1. Akikosa kuelewa swali, umejua umelipa nani.

Nawe unayekaa kaunta, uliyeajiriwa juzi, ambaye kila kitu kikiharibika macho yote yanakugeukia: jifunze huu mstari mmoja tu wa kuangalia, na siku ya kwanza kazini uutumie. Ukikuta ni 0, mwambie mdosi kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. "Mzee, hii mashine haina dampo. Ikianguka hatutajua sababu." Tuma kwa heshima, na uhifadhi. Akikataa kuiweka, basi siku akitaka kukukata, huo ujumbe ndio OB yako wewe.

Na mdosi, sikukatazi kumdai mtu aliyekuharibia mali. Kama mfanyakazi alimwaga soda ndani ya mashine, mdai. Lakini njoo na kitu mkononi. Kerneli ina mistari mamilioni ya kodi iliyoandikwa na watu wengi duniani tangu 1991, pamoja na draiva za kila kidude cha bei rahisi tulichowahi kununua. Kuamua kwamba kati ya hao wote aliyeiua ni msichana wa kaunta, bila kufungua faili moja, ni uonevu.

Kwa hivyo kabla uende video ingine, fungua taminali kwa mashine unayoitegemea, andika ile cat, na utuambie hapa chini umepata 1 ama 0. Na kama ni 0, usione haya. Chai bado iko moto.